Saa Nane Kamili

Hotuba niliiandika mimi, usiku, bwenini,
kwa Kiurdu cha mjini kisichomkaa kinywani.
Ameikunja mara nne, akaitia
mfuko ule ule wenye aprikoti kavu za Hushe.
Haitoi.

Lahore, hoteli, ghorofa ya tatu.
Alipanda kwa lifti, mkono ukutani,
kama mtu asiyeiamini kamba
iliyofungwa na mwingine.
Mawakala mia mbili wa bima ya maisha
wamevaa beji. Juu ya jukwaa, bango:
FIKIA KILELE CHAKO.
Niliuliza mapokezi. Kampuni hii
haiwakatii bima watu wa kazi yake.

"Kipaza sauti akishike kwa kushoto,"
meneja alininong'oneza, "mkono wa vidole vitatu.
Watu wauone."
Ata (ndivyo sisi Wabalti tumwitavyo baba)
akakishika kwa kulia.

Kazi yangu ni kubonyeza picha.
Ya kwanza: kijiji, mipopla, punda wa jirani
aliyeingia pichani bila mwaliko.
Wakacheka. Naye akacheka, akapotea mstari.
Ya pili: hema, theluji imelilalia kama ng'ombe.
Ya tatu: mgeni mwenye ndevu za barafu, bendera juu,
na pembeni nusu bega, nusu kofia.
Hiyo nusu ndiyo Ata.
Picha zake nyingi ziko hivyo.

Nilimwandikia: Hakuna lisilowezekana.
Alilifikia neno lile, akasita
kama mbele ya ufa uliofunikwa theluji changa,
akalidonoa kwa fimbo, akapita kando.
"Yasiyowezekana yapo," akasema. "Nayajua kwa majina.
Moja ni wali kuiva kambi ya tatu."
Kicheko.
"Jingine ni kumbeba Ishaq."

Hilo sikuliandika.
Ishaq, kaka yake mama,
aliyenifundisha kupiga mluzi kwa kokwa la aprikoti,
kulisugua jiweni hadi litoboke.
Nyumbani hatujawahi kumsikia Ata
akilitaja jina lile mbele ya watu wanaokula biskuti.

Kijana wa safu ya nyuma, tai imempinda:
"Unajuaje wakati wa kurudi?"
Ata akaitazama saa yake ya plastiki.
"Saa nane mchana. Popote nilipo, nageuka.
Hata kilele kikiwa umbali wa kurusha kofia.
Mteja hulia. Hutukana. Huahidi pesa.
Nimeitwa mwoga kwa lugha sita,
na wote sita huniletea kadi za sikukuu."
Akameza mate.
"Siku ile yangu ilikuwa imeganda.
Tukategemea ya Ishaq. Niliuliza mara mbili.
Mara zote mbili alisema: bado.
Nyinyi mnapigia makofi kupanda.
Ngoma ni kushuka."

Meneja ananiashiria kwa midomo: kilele, kilele.
Ninayo, ya ishirini na mbili,
mbingu karibu nyeusi, na yeye katikati,
mzima, kwa mara moja tu, uso wote.
Picha hiyo aliipiga nani, sijawahi kumuuliza.
Kidole changu kimekaa juu ya kitufe.

Mkataba ulisema: saa saba na dakika ishirini
hadi saa nane.
Sentensi ilikuwa njiani, mguu mmoja hewani,
alipoiacha.
"Muda umefika," akasema.
Akakilaza kipaza sauti mezani kama yai,
akazishuka ngazi tatu za jukwaa
kinyumenyume, kifua kikiuelekea ubao,
akikijaribu kila kipandio
kabla ya kukipa uzito.

Ukumbi haukujua la kufanya na mikono yake.
Yule wa tai iliyopinda akapiga makofi mawili, akaacha.
Nikazima mashine.

Njiani kuelekea kituo cha basi, joto la Juni,
hakusema kitu. Alinipa aprikoti moja.
Niliila taratibu, nikabaki na kokwa,
nikitafuta kwa macho, ukingoni mwa barabara,
jiwe la kulisugulia.